Mchango wa Mafuta si Nauli

Mtu akipata leseni ya urubani binafsi, hamu yake ya kwanza si kwenda mbali. Hamu yake ni kubeba watu. Miezi mingi amezunguka uwanja uleule, kwanza na mwalimu pembeni, kisha kiti cha pembeni kikiwa kitupu, na sasa anataka mkewe, kaka yake na wale aliosoma nao waone alichokuwa akikikimbilia kila Jumamosi alfajiri. Namjua mtu huyo kwa sababu nilikuwa yeye. Leseni yangu ilipotoka nilikuwa nimeshawaahidi watu saba, na ndege niliyokuwa nikiikodi pale Wilson, Nairobi, ina viti vinne.

Swali linalofuata huja haraka: nani analipa? Saa moja ya ndege ndogo ni pesa nyingi kwa mtu wa mshahara. Na sisi watu wa huku hatujazoea kumwacha mwenzetu abebe mzigo peke yake. Kabla hujamaliza kueleza safari, mmoja ameshashika simu na kuuliza, "Tunachanga ngapi?" Ni swali la upendo. Lakini ukilijibu vibaya umeshatoka nje ya leseni yako, na marafiki zako, bila kujua, wamepanda ndege ambayo kampuni ya bima inaweza kuikana siku ya msiba.

Kiswahili kina maneno mawili yanayotosha kulieleza jambo hili: mchango na nauli. Ukimpa jirani lifti hadi Nakuru naye akakutilia mafuta ya elfu mbili, huo ni mchango. Nakuru ulikuwa unakwenda tu, awepo asiwepo. Ukisimama stendi ukaita "Nakuru, Nakuru, wawili bado," hiyo ni nauli, hata kama gari ni lilelile na pesa ni zilezile. Uliza nani aliamua safari iwepo, na nani anaweza kuivunja bila kudaiwa, utajua kama ni hili au lile. Wanasheria wa anga wameandika kurasa na kurasa juu ya jambo ambalo kondakta yeyote wa matatu analijua.

Msingi wao uko katika Kiambatisho cha 1 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, mkataba uliozaa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO. Mwenye leseni ya urubani binafsi anaruhusiwa kuwa rubani mkuu, bila malipo, katika safari zisizoingiza mapato. Kenya, Tanzania na Uganda zote ni wanachama. Umri wa miaka 17, saa 40 za kuruka, mitihani, cheti cha daktari: ukivuka hapo unaweza kubeba watu, ila huwezi kuwatoza.

"Bila malipo" ni maneno mawili tu, lakini malipo ni nini hasa? Waliolitafuna swali hili kuliko wote ni Wamarekani. Wana jamii kubwa ya marubani wa burudani, na mamlaka yao ya usafiri wa anga, FAA, ina tabia ya kujibu maswali kwa barua ambazo kila mtu anaweza kuzisoma. Ndiyo maana nachukua mfano wao.

Kifungu chao ni 61.113. Kinasema rubani binafsi asilipe chini ya fungu lake katika gharama za safari aliyobeba abiria, na gharama zinazoruhusiwa kugawanywa ni za aina nne tu: mafuta, oili, ada za uwanja na malipo ya kukodi ndege. Tuseme ndege inakodishwa dola 180 kwa saa, mkaruka saa mbili. Jumla ni 360. Mko wanne, kila mmoja anatoa 90, rubani akiwemo. Sasa marafiki watatu waseme, kwa wema kabisa, "Wewe unaendesha, tuachie sisi," watoe 120 kila mmoja. Hapo rubani amelipwa. Hakuna senti iliyoingia mfukoni mwake, ila kuna 90 ambazo hazikutoka. FAA inakwenda mbali zaidi: hata zile saa mbili zinazoingia katika daftari lake la kuruka imekuwa ikizihesabu kuwa malipo, kwa sababu saa hizo ni kitu ambacho watu hukilipia. Na mwenye ndege yake mwenyewe hawezi kuwaingizia wageni bima ya mwaka, matengenezo wala kodi ya banda.

Juu ya hayo kuna sharti la pili, ambalo halionekani wazi ukikisoma kifungu lakini limerudiwa katika tafsiri zao: rubani lazima awe na lake huko mnakokwenda. Si lazima liwe jambo lilelile. Wewe unakwenda kumwona shangazi, yeye anakwenda kwenye mechi, mji ni mmoja, safari ni yenu wote. Lakini rafiki akikuambia, "Nipeleke Kisumu nina kikao, halafu wewe rudi," na Kisumu huna shughuli yoyote, umekuwa teksi, hata mkigawana gharama kwa kikokotoo.

Nilipoyasoma haya mara ya kwanza nilikasirika. Niliona ni serikali inahesabu sarafu za marafiki. Leo nayatetea.

Nauli haikununulii kiti tu. Nchini Marekani, rubani anayebeba abiria kwa malipo anahitaji leseni ya biashara, ambayo kwa kawaida haipatikani chini ya saa 250, na kuwa rubani mkuu wa ndege ya kukodishwa, hata ya kuruka kwa kutazama nje badala ya kutegemea vyombo, anahitaji saa 500. Kuna vipimo vya dawa za kulevya, mipaka ya saa za kazi, mapumziko ya lazima, majaribio ya mara kwa mara, na mtu mwingine ofisini mwenye mamlaka ya kusema ndege hii haiondoki. Mwenye nauli hahitaji kujua lolote kati ya hayo. Serikali imeyajua kwa niaba yake. Mwenye mchango hana mtu wa namna hiyo. Sheria imemwachia kazi ya ukaguzi yeye mwenyewe, kwa kuamini kwamba anamjua anayeshika usukani: anajua kama ni mtu wa pupa, kama alilala, kama wiki hii ana matatizo nyumbani. Urafiki ndio cheti cha ukaguzi.

Ukiliona hivyo, utaelewa kwa nini FAA ilizikatalia kampuni za mtandaoni kama AirPooler na Flytenow mwaka 2014. Wazo lao lilikuwa zuri kusikia: rubani anabandika safari yake, mtu asiyemjua anaomba nafasi, wanagawana gharama sawasawa. FAA ikasema kugawana kunaruhusiwa, lakini kujitangaza kwa umma ni kuita abiria stendi. Flytenow ikaenda mahakamani. Desemba 2015 mahakama ya rufaa ya Washington ikaiunga mkono FAA, na Januari 2017 Mahakama ya Juu ikakataa kulisikiliza shauri. Mwaka 2020 FAA ikatoa waraka wa kueleza mipaka kwa lugha nyepesi, na mitandao ya kijamii imo: kuwaambia watu wachache unaowajua ni jambo moja, kutangazia ulimwengu ni jingine.

Ulaya imechukua njia nyingine. Huko watu wasiozidi sita, rubani akiwemo, wanaweza kugawana gharama za moja kwa moja za safari, rubani naye akichangia, na majukwaa kama Wingly, lililoanzishwa Ufaransa mwaka 2015, yanafanya kazi waziwazi. Watetezi wake wana hoja moja ninayoiheshimu sana. Wanasema mgeni anayeingia kwenye jukwaa anaweza kuona saa za kuruka za rubani na aina ya ndege kabla hajaamua, ilhali rafiki hupanda bila kuuliza chochote. Ni kweli. Katika wale saba niliowaahidi, hakuna hata mmoja aliyeniuliza nina saa ngapi. Mmoja aliuliza kama kuna chai.

Hata hivyo nasimama na Wamarekani, kwa sababu ya kile ambacho pesa ya mgeni humfanyia rubani. Mgeni amelipa kwa kadi, amechukua ruhusa kazini, na akishuka ataandika maoni yake. Rubani mwenye saa 90 katika daftari lake anatazama mawingu yakishuka juu ya vilima vya Ngong na moyoni mwake hesabu imeshabadilika. Haulizi tena "Je, hali inaruhusu?" Anauliza "Je, hali inakataza?" Maswali haya mawili yanafanana, lakini katika urukaji mdogo kati yake kuna makaburi. Sheria ya fungu sawa na sharti la kuwa na lako huko vinamlinda rubani asifike kwenye swali la pili. Ukiwa umelipa fungu lako na safari ni yako, kuivunja ni kuvunja jambo lako mwenyewe.

Huku kwetu stendi imehamia WhatsApp. Kundi la familia lina watu 15, hilo halina neno. Lakini nimewahi kuona tangazo katika kundi la watu zaidi ya 200, wengi wao hawajawahi kuonana: nafasi mbili, Jumamosi, Diani, "tunachangia mafuta tu", na namba ya simu ya kutuma pesa. Aliyeandika hakuwa mtu mbaya, alikuwa kijana anayetafuta saa za kuruka. Nilimpigia. Alidhani neno "mchango" linatosha kumkinga.

Atakayeona haya kuwa mzaha wa wanasheria amkumbuke Emiliano Sala. Mshambuliaji huyu wa Argentina, mwenye umri wa miaka 28, alikuwa ametoka kusajiliwa na Cardiff City kutoka Nantes kwa takriban pauni milioni 15. Alirudi Ufaransa kuwaaga wenzake, na usiku wa 21 Januari 2019 akapanda ndege ya injini moja, Piper Malibu, kurejea Wales, kwani kesho yake alitakiwa mazoezini. Rubani wake, David Ibbotson, alikuwa na leseni ya urubani binafsi. Hakuwa na idhini ya kuruka usiku. Idhini yake ya aina ile ya ndege ilikuwa imekwisha muda. Safari haikuwa yake; alikuwa amekubali kulipwa ili aifanye. Ndege ilianguka baharini, kaskazini ya kisiwa cha Guernsey. Mwili wa Sala ulipatikana. Wa Ibbotson haukupatikana.

Wachunguzi wa ajali za ndege wa Uingereza walitoa ripoti yao Machi 2020. Walisema rubani alipoteza udhibiti alipokuwa akikata kona kwa mkono, labda akijaribu kuyakwepa mawingu, ndege ikazidi kasi ikakatika angani. Walisema pia kwamba huenda alikuwa ameshaleweshwa na kaboni monoksaidi iliyovuja kutoka mfumo wa moshi wa injini. Ni gesi ileile inayoua familia zetu zinapolala na jiko la makaa chumbani. Katika damu ya Sala kiwango chake kilikuwa asilimia 58, na asilimia 50 kwa kawaida hutosha kuua. Novemba 2021 mahakama ya Cardiff ilimhukumu David Henderson, mtu aliyeipanga safari hiyo, kifungo cha miezi 18.

Kinachonisumbua ni kwamba Sala hakuwa na njia ya kujua. Akiwa ndani ya ndege ile alituma ujumbe wa sauti kwa marafiki zake akieleza kuwa anaogopa, kwamba ndege inaonekana kama itasambaratika. Aliiona hatari kwa macho yake. Lakini yaelekea hakujua kwamba kuna leseni ya aina mbili, wala kwamba ana haki ya kuuliza ipi iko mfukoni mwa rubani. Kwake ile ilikuwa ndege kama ndege nyingine. Alikuwa mtu wa nauli aliyewekwa kwenye kiti cha mchango.

Basi pesa ndiyo adui? Hapana, na hapa ndipo nadhani sheria, pamoja na uzuri wake, inaishia njiani.

Tarehe 16 Julai 1999, John F. Kennedy Jr., mwana wa rais aliyeuawa, aliondoka New Jersey jioni na Piper Saratoga. Alikuwa na mkewe Carolyn na shemeji yake Lauren Bessette. Mpango ulikuwa kumshusha Lauren katika kisiwa cha Martha's Vineyard, kisha kuendelea Hyannis kwenye harusi ya binamu yake. Ndege ilikuwa yake. Hakuna aliyemlipa. Alikuwa na saa zipatazo 310, hakuwa na idhini ya kuruka kwa kutegemea vyombo tu, na usiku ule haukumlazimu kisheria kuwa nayo. Ukungu mwembamba ulikuwa umefunika pwani. Juu ya bahari, gizani, mstari wa kutenganisha mbingu na maji ulipotea. Bodi ya Marekani ya usalama wa usafiri, NTSB, ilihitimisha kuwa alipoteza udhibiti wa ndege wakati wa kushuka kwa sababu ya kupoteza mwelekeo, giza na ukungu vikichangia. Wote watatu walikufa.

Kuhusu pesa, kifungu cha 61.113 hakikuwa na neno la kumwambia Kennedy. Lakini harusi ilikuwa inangoja, na shemeji alikuwa ametoka kazini, na jua lilikuwa limeshatua. Harusi ina uzito kama nauli. Chumba cha hoteli kilicholipiwa kina uzito. Macho ya mtoto aliyeahidiwa kuiona bahari kutoka juu yana uzito mkubwa kuliko vyote, na hakuna mamlaka duniani inayoweza kuyatungia kanuni.

Sheria inajaribu kidogo. Marekani na Ulaya zote zinadai rubani awe ametua na kupaa mara tatu katika siku 90 zilizopita kabla ya kubeba abiria. Mwanafunzi habebi mtu kabisa. Mwenye leseni ndogo ya michezo ya Marekani anabeba mmoja tu. Mara tatu katika miezi mitatu ni kizingiti cha chini mno. Mtu anaweza kukivuka kwa nusu saa ya Jumapili yenye upepo mtulivu na bado akawa mgeni kabisa wa mvua ya alasiri. Ndiyo maana nasema kazi iliyobaki ni ya rubani, nayo ni ya mdomo. Ni kusema.

Mimi huwaambia wanaotaka kuruka nami maneno haya kabla hawajatuma hata shilingi: "Mimi si rubani wa kazi. Leseni yangu ni ya kuruka kwa kutazama nje, mchana, kukiwa kweupe; kwenye wingu siingii. Nina saa kadhaa, hizi hapa kwenye daftari, soma. Mara ya mwisho nimeruka siku fulani. Nikisema turudi, tunarudi. Nawe ukisema hutaki, hata tukiwa tumeshafunga mikanda, nazima injini, na hatutakuuliza kwa nini." Kuna waliosikia wakasema asante, wakabaki chini. Mmoja wao ni dada yangu. Nilimwelewa.

Ningependa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya na ile ya Tanzania zitoe maneno ya namna hiyo kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, na kila klabu ya urubani na kila shule ibandike ukurasa huo mlangoni, na abiria wa kila safari ya burudani ausome na kutia sahihi. Nchi zetu zimekuwa na urukaji wa namna hii kwa muda mrefu. Aero Club of East Africa imekuwapo tangu 1927. Lakini lugha ya uwanjani imebaki Kiingereza, na kile kinachoitwa maelezo kwa abiria aghalabu ni mkanda, mlango, na "usiguse hapa". Mtu ambaye ameeleweshwa kwa lugha yake ndiye pekee anayeweza kukubali kwa hiari yake.

Sasa niseme habari ya Voi.

Tulikuwa tumepanga kwenda Ukunda, watu wanne. Siku moja kabla nilileta mizani ya bafuni nyumbani kwa mmoja wao, tukapimana sebuleni, na mabegi pia. Watu huona aibu kwenye mizani, hasa mbele ya wenzao, kwa hiyo kila mmoja alipanda peke yake na mimi nikaandika bila kutaja. Cessna 172 ya kisasa hubeba takriban kilo 400 juu ya uzito wake yenyewe. Matangi yakijaa, mafuta yanachukua kama kilo 145. Zinabaki 255. Watu wazima wanne wa kilo 80 ni 320 kabla hawajagusa begi. Viti vinne havina maana ya watu wanne. Na Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari; joto likifika nyuzi 25, hewa inakuwa nyepesi kiasi kwamba ndege inapaa kama iko futi 8,000. Barabara ya kurukia inakuwa fupi ingawa haijakatwa hata mita moja. Nikasema mmoja abaki. Mwalimu wa kemia alielewa hesabu kabla sijamaliza, akachukua mabegi yote akapanda treni ya SGR. Tukaruka watatu.

Hadi Mtito Andei kulikuwa kweupe. Barabara ya Mombasa ilikuwa chini yetu kama uzi, malori yakitambaa. Baada ya Tsavo mbele kukaanza kuingia weupe usiopendeza, weupe wa maziwa. Pwani walikuwa wakitoa taarifa ya mvua na mawingu ya chini. Milima ya Taita, kuliani kwetu, ilikuwa imekatika vichwa. Nilipunguza mwendo, nikashuka futi 500, na dakika chache baadaye nikagundua kwamba nashuka tena. Mikono yangu ilikuwa ikijadiliana na wingu bila kuniuliza. Rafiki yangu wa kiti cha mbele, daktari wa meno, alikuwa amelipia hoteli ya siku mbili na haikuwa inarudisha pesa. Hakusema kitu. Alikuwa ananitazama tu.

"Tunatua Voi," nikasema.

Voi ina kumbukumbu yake. Tarehe 14 Mei 1931, Denys Finch Hatton, Mwingereza mwindaji na rubani wa ndege yake mwenyewe aina ya Gipsy Moth, alipaa hapo na muda mfupi baadaye akaanguka, ndege ikawaka moto. Kaburi lake kwenye vilima vya Ngong linajulikana hadi leo na wageni hupelekwa kuliona. Ndani ya ndege alikuwamo mtu wa pili, Kamau, mfanyakazi wake Mkikuyu. Alikufa naye. Nimemfikiria Kamau mara nyingi. Kwa hesabu ya sheria alikuwa abiria asiyelipa kitu, safari halali kabisa. Lakini mwaka 1931 mtumishi angemwambiaje bwana wake, "Leo sipandi"? Leo pia wapo: dereva anayebebwa na tajiri wake, kijana wa shamba anayeambiwa aingie ashike begi, mfanyakazi mpya anayealikwa na mkurugenzi mwenye ndege. Hawatoi mchango, hawatoi nauli, na hawana mdomo. Kanuni zote za pesa nilizozieleza hapo juu zinawapita juu ya vichwa. Kama kuna mahali ningetaka ule ukurasa wa kutia sahihi uanze, ni kwao, na ausome mtu ambaye si mwajiri wao.

Tulikaa chini ya bawa saa mbili tukila ndizi. Mawingu hayakupanda. Saa nane mchana niliwasindikiza hadi stesheni, wakapata nafasi kwenye treni ya Mombasa. Daktari wa meno alikuwa amenuna. Aliniuliza, kwa sauti ya chini, kama rubani "wa kweli" angepita. Nikamwambia angepita, ana vyombo, ana idhini na ana mazoezi, na ndiyo maana tiketi yake ina bei ile. Akaitikia kwa kichwa, akapanda.

Mimi nililala Voi, nikarudisha ndege asubuhi yake peke yangu, na saa hizo za kurudi nikazilipa mwenyewe. Za kwenda tulikuwa tumekubaliana tugawane kwa tatu, fungu langu likiwemo. Mmoja alituma jioni ileile. Daktari wa meno alikaa kimya wiki mbili, kisha simu yangu ikalia nikiwa sokoni: fungu lake lote, hakupunguza kitu, kwa safari ambayo haikumfikisha. Kama ingekuwa nauli, angekuwa ananidai yeye.